Diski Nane za Shangazi Stoo

Ukoo mzima ulimwita Shangazi Stoo, na yeye alikwisha kulizoea jina hilo hata akawa analiitikia bila kununa. Aliyelianzisha ni kaka yake mkubwa, miaka mingi nyuma, siku alipokuja kuazima nyundo akaishia kuonyeshwa sanduku lenye ripoti za shule za watoto wote wa nyumba yao, funguo za milango iliyokwisha kubomolewa, na jino ambalo hakuna aliyekumbuka lilitoka kinywani mwa nani. "Wewe si dada," alimwambia huku akicheka mpaka akashika mbavu, "wewe ni stoo yenye miguu." Watoto wakalidaka jina, likakaa.

Kwa miaka thelathini na mmoja Shangazi alifanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa. Kila baada ya saa tatu alitoka nje kusoma vipimo: joto, unyevu, upepo unatoka wapi, mvua imeingia kiasi gani kwenye kopo lake. Aliandika alichokiona, si alichokitarajia, kisha akarudi ndani kungoja saa tatu nyingine zipite. Hakuolewa. Si kwamba alikataa. Siku zilikwenda tu, na kila aliyekuja kubisha hodi alimkuta yuko zamu. Mama yao alipoanza kuugua, ni yeye aliyemchukua akakaa naye, miaka tisa, hadi mama alipofumba macho katika chumba cha nyuma.

Seva yake, mashine ya kutunzia picha na mafaili ya familia, ilikuwa katika chumba hichohicho. Ilikuwa sanduku jeusi la chuma, halifiki kimo cha goti, limekaa juu ya meza imara karibu na dirisha. Mbele lilikuwa na droo nane, na kila droo ilibeba diski moja. Alijifunza kuliunda mwenyewe baada ya kustaafu, kwa kusoma na kukosea, maana alitaka kumbukumbu za familia zikae mahali pamoja, nyumbani, si kwenye simu za watu zinazodondoka chooni. Kila ndugu alipewa folda yake na neno lake la siri. Humo mlikuwa na picha za harusi na mahafali, vyeti, kanda za zamani alizokaa miezi akizihamisha, na sauti ya mama akielekeza namna ya kukunja shuka peke yako bila kuiburuza sakafuni. Chini ya kila picha Shangazi aliandika maelezo: nani huyu, amesimama na nani, mwaka gani. Kama kuna mtu aliyetazama pembeni, aliandika alikuwa anatazama nini.

Sasa, diski zile nane zilinunuliwa siku moja, duka moja, zikatoka katoni moja. Kwa miaka saba zilizunguka pamoja bila kupumzika. Jumanne moja asubuhi, Shangazi akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, taa ya droo ya nne iligeuka kutoka kijani ikawa ya machungwa. Mashine ilikuwa inasema, kwa lugha yake, kwamba diski ile inasoma kwa taabu. Haijafa, lakini inakohoa.

Mtu mwingine angebadilisha hiyo moja akarudi kwenye chai yake. Shangazi alikaa kitini akafikiri. Kama ya nne imechoka, wenzake saba wa umri uleule wako mbali kiasi gani? Seva yake iliweza kuvumilia diski mbili kufa kwa wakati mmoja. Ikifa ya tatu, basi, kila kitu kimekwenda na maji. Akakata shauri kuzibadilisha zote nane.

Alichukua daftari kubwa, akachora pambizo kwa rula kama alivyozoea kazini, akaanza kupanga. Diski zitatolewa moja moja. Ukitoa ya zamani na kuweka mpya, mashine inasoma zile saba zilizobaki na kuijaza hiyo mpya, kazi ya saa kama ishirini hivi. Halafu unakagua, unaipumzisha, ndipo unagusa nyingine. Siku kumi na moja, mambo yakienda sawa. Kila diski mpya ijaribiwe kwanza siku nzima, kwa sababu hata kipya huja na ugonjwa wake. Kila droo ibandikwe karatasi yenye namba ya diski yake, maana kosa kubwa kuliko yote ni kuchomoa nzima ukaiacha mbovu. Diski mpya zisitoke katoni moja. Na kwa siku zote hizo asiingie mtu kwenye seva, ili mashine isifanye kazi mbili kwa pumzi moja.

Mchana uleule alikwenda maduka mawili tofauti, akanunua diski nne kila duka. Muuzaji wa duka la pili, mtu mchangamfu mwenye kalamu nyuma ya sikio, alimtazama akizipanga kwenye mkoba na kuweka taulo katikati.

"Mama, unafungua ofisi?"

"Hapana. Ni za nyumbani."

"Mko wangapi huko nyumbani?"

"Mmoja," alisema Shangazi, akafunga zipu ya mkoba.

Jioni akatuma ujumbe kwenye kundi la familia. Aliuandika kwa uangalifu: kwamba seva itafungwa siku kumi na moja, kwamba mwenye kitu anachokihitaji akichukue sasa, na mwenye kitu asichokihitaji aseme kifutwe, mzigo upungue. Mdogo wao wa mwisho, aliyeishi mbali na kuja mara moja kila baada ya miaka mitatu, alituma kidole gumba. Mpwa mmoja aliuliza, "Shangazi, kumbe ile mashine bado iko hai?" Mwingine akaweka maua. Kisha mtu akatuma video ya mbuzi anayepanda ngazi, na mazungumzo yote yakamfuata mbuzi.

Kaka mkubwa hakujibu. Alikuwa hajamjibu dada yake neno lolote kwa miaka sita.

Ugomvi wao ulitokea siku waliyomzika mama. Watu walikuwa wameketi, jirani mmoja akamsifu Shangazi mbele ya wote, kwamba aliacha maisha yake akamtunza mzazi miaka tisa. Kaka, aliyekuwa amechoka na macho yamemvimba, akasema kwa sauti iliyofika kila kona: "Aliacha maisha gani? Hana mume, hana mtoto. Mama ndiye aliyekuwa anamtunza yeye." Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemkatiza. Shangazi aliinua sinia lililokuwa mbele yake, akalipeleka jikoni, na tangu hapo hakumpigia kaka yake simu, wala kaka hakumpigia yeye. Yule kaka alikuwa mjane tayari wakati ule, anakaa kwenye nyumba ya vyumba viwili upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima.

Kesho yake, Jumatano, Shangazi aliendelea na mpango wake. Mstari wa tisa ulisema: "Wajulishe wanaotumia mara kwa mara." Ili ajue ni akina nani hasa, alifungua orodha ya walioingia kwenye seva. Mdogo wao wa mwisho aliingia mara ya mwisho miezi ishirini na sita iliyopita. Mpwa aliyeuliza kama mashine iko hai aliingia mara moja tu, siku aliyopewa neno la siri. Binti wa kaka, ambaye ni mwalimu, hakuwahi kuingia kabisa. Shangazi alishuka na kidole jina baada ya jina, kama alivyokuwa akisoma kopo la mvua msimu wa kiangazi. Sifuri. Sifuri. Miaka yote hiyo alikuwa analinda ghala ambalo hakuna aliyekuja kuchukua hata sindano.

Isipokuwa mtu mmoja. Kaka mkubwa. Kila Ijumaa, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na nusu, miezi kumi na minne mfululizo, hakukosa hata wiki moja.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mtu ameiba neno la siri la kaka. Akaliacha kwanza jambo hilo, kwa sababu kulikuwa na la haraka zaidi. Mashine ilikuwa imetoa orodha ya mafaili kumi na moja yaliyolala kwenye sehemu mbovu ya diski ya nne. Ilikwisha kuyarekebisha kwa msaada wa diski nyingine, lakini mpango ulitaka kila lililorekebishwa lifunguliwe na kutazamwa kwa macho. Kumi yalikuwa picha na kanda, yote salama. La kumi na moja lilikuwa ndani ya folda ya kaka. Liliitwa "Ijumaa", na lilibadilishwa mara ya mwisho wiki iliyopita.

Shangazi hakuwahi kufungua folda ya mtu, ingawa angeweza. Alinyanyuka, akaosha kikombe kilichokuwa safi, akarudi. Mpango ni mpango. Akalifungua.

Ilikuwa orodha ya majina, na mbele ya kila jina maelezo mafupi. Jina la binti: "Mwanangu. Ana kovu dogo kidevuni. Ni mwalimu. Anakuja Ijumaa saa kumi na moja." Jina la mkwe: "Mrefu, miwani. Muulize habari za gari lake, atasema mwenyewe mpaka aondoke." Majina ya wajukuu wawili wa kike: "Wanafanana. Mwenye pengo ndiye mdogo. Pengo likiota jino, tafuta alama nyingine." Kila jina lilikuwa na namba ya picha, zile picha ambazo Shangazi mwenyewe aliziandikia maelezo. Mwishoni kabisa palikuwa na mistari miwili:

"Dada. Anaishi peke yake. Ndiye anayejua kila kitu. Tuligombana. Sikumbuki kwa nini. Usiwaulize watoto, watashtuka."

Shangazi alibaki ameshika ukingo wa meza. Feni za seva zilikuwa zinavuma taratibu. Kwa miaka sita alikuwa amemtungia kaka yake majibu: akifagia anatunga, akioga anatunga, mengine makali ya kumkausha mtu mate, mengine ya upole kupita kiasi. Alikuwa nayo yote, yamepangwa. Na mwenzake alikwisha kuondoka ukumbini, akamwacha amesimama na hotuba yake mkononi.

Alifikiria kuufuta mstari ule wa ugomvi. Ilikuwa kazi ya kubonyeza kitufe kimoja, na hakuna ambaye angejua. Akalifunga faili kama alivyolikuta.

Halafu akaitazama kalenda. Hata akianza kubadilisha diski Jumamosi, Ijumaa moja ingeangukia katikati, na siku hiyo kaka yake angekuta mlango umefungwa, saa mbili kabla wajukuu hawajaingia ndani kumsalimia. Alichukua diski ndogo ya kubeba mkononi, akanakili folda nzima ya kaka na picha zote zilizotajwa mle. Kisha akawasha printa akazichapa picha arobaini na moja, kila moja na maelezo yake chini kwa herufi kubwa. Wino mweusi ulimwishia kwenye ya thelathini na nane. Tatu za mwisho zikatoka na maandishi ya bluu.

Ndipo akapiga moyo konde akapiga simu.

"Haloo?"

"Shikamoo, kaka. Ni mimi."

Alisikia karatasi zikipekuliwa. "Marahaba. Mimi nani?"

"Mimi. Stoo."

"Aaa, Stoo!" Sauti ilichangamka kama taa iliyorudishiwa umeme. "Wewe umepotea sana! Kwema huko?"

Alikuwa amejiandaa kukatiwa simu, amejiandaa hata kutukanwa. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Kwema," alisema. "Nataka nije kukuona kesho."

"Njoo, mbona unaomba ruhusa kama mgeni? Ngoja, ngoja kwanza niandike." Na akamsikia akijisemea polepole huku kalamu ikikwaruza: "Kesho... anakuja... dada."

Alhamisi asubuhi kaka alimfungulia mlango akiwa amevaa shati lililonyooshwa vizuri, vifungo vimepishana tundu moja. Alikuwa amekonda. Alimtazama usoni kwa muda, kisha akatazama karatasi ndogo iliyokuwa kiganjani mwake, akatabasamu. "Karibu, dada."

Ndani palikuwa safi, lakini kila kabati lilikuwa limebandikwa karatasi. "Vikombe." "Sukari, si chumvi." Juu ya jiko: "ZIMA." Kwenye mlango wa chooni kulikuwa na mshale. Kaka aliona jicho la dada yake linapopita.

"Ijumaa nazibandua," alisema. "Jumamosi nazirudisha."

"Watoto hawajui?"

"Wanajua mimi ni mzee mwenye mzaha. Nikikosea jina wanadhani nawatania." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nimekuwa fundi wa kuchapa vitabu miaka arobaini, Stoo. Nilikuwa nasoma herufi kinyumenyume kama unavyosoma gazeti. Sasa nasoma uso wa mwanangu na sioni kilichoandikwa."

Shangazi akafungua mkoba. Alimwonyesha picha zilizochapwa, akamweleza kwamba seva itafungwa, na kwamba diski ile ndogo inachomekwa hapa kwenye kompyuta yake, si pale. Kaka aliandika kila kitu. Waliketi mezani wakazipitia picha moja moja, yeye akitaja, dada akiitikia. Alikosea nne tu. Ile ya wao wawili wakiwa wadogo juu ya ukuta, hakuhitaji kuisoma.

"Hapa ulikuwa unalia," alisema. "Ulipoteza kiatu."

"Wewe ndiye uliyekitupa."

"Hilo sikumbuki," alisema, na wote wawili wakacheka, kicheko kikawatoka vibaya kidogo.

Akaweka picha chini. "Dada, sisi tuligombana kwa nini?"

Swali lilikuja hivihivi, bila kubisha hodi. Shangazi akamweleza. Hakutia chumvi, hakupunguza. Alimwambia siku, mahali, nani alikuwa amekaa wapi, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Kaka alisikiliza mdomo ukiwa wazi. Machozi yalimjaa.

"Mimi nilisema hivyo? Mbele ya watu?"

"Ulisema."

"Nisamehe, dada. Nisamehe sana. Mtu gani anasema maneno kama hayo?"

Alimshika mkono, na Shangazi alihisi kitu kilichokaa kifuani miaka sita kikisogea. Kaka akaenda kutengeneza chai, akasoma kabati, akaleta vikombe viwili bila kukosea. Walizungumza habari za bei ya viatu, za goti lake linalouma, za mdogo wao wa mwisho. Nusu saa hivi ikapita. Kisha akaweka kikombe mezani, akamwinamia kama mtu anayetaka kusema siri.

"Dada, samahani nikuulize. Sisi tuligombana kwa nini?"

Uso wake ulikuwa mweupe, hauna habari, unangoja. Macho bado yalikuwa na wekundu wa machozi, na mwenyewe hakujua yametoka wapi.

"Wala mimi sikumbuki," alisema Shangazi. "Lilikuwa jambo dogo."

"Afadhali," alisema kaka, akapumua. "Nilidhani ni kubwa."

Kabla dada hajaondoka, kaka alimwomba asiwaambie watoto. Shangazi alifikiri, akamjibu, "Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Siku hiyo utamwambia binti yako mwenyewe, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yako." Kaka aliliandika hilo pia, akapiga mstari chini yake.

Jumamosi asubuhi alifunga seva kwa watu wote na kuanza. Diski ya nne ilitoka bila ubishi, mpya ikaingia, na saa ishirini baadaye taa ikawa ya kijani. Kwa nyingine, droo ya kwanza, vilevile. Jumanne, diski ya droo ya pili ikiwa imepita nusu tu ya kujaa, saa sita mchana, droo ya sita ikawasha taa nyekundu. Si ya machungwa. Diski ile ilikuwa imekufa kifo cha ghafla, bila hata kukohoa.

Sasa moja ilikuwa inajazwa na moja imekufa. Akiba yote ilikuwa imekwisha. Ikianguka nyingine yoyote kati ya zile za zamani katika saa nane zilizobaki, kila kitu kilichokuwa ndani ya sanduku lile kimekwenda: harusi, mahafali, sauti ya mama, maelezo yote. Nakala ya nje aliyokuwa nayo ilikuwa ya yale ya kaka na vyeti tu. Vingine vilikuwa vingi mno, havikuenea.

Hakukuwa na la kufanya. Kugusa kitu kungekuwa kuharibu. Alifungua dirisha, akasogeza feni ya sebuleni, akakaa mbele ya mashine na daftari, akawa anaandika joto la kila diski kila nusu saa. Saa nane mchana aliandika ujumbe kwenye kundi: "Kuna hatari kidogo, niombeeni." Akautazama. Akaona mbuzi mwingine akipanda ngazi. Akaufuta.

Akampigia kaka.

"Diski moja imekufa," alimwambia. "Nyingine ikifa kabla ya jioni, nimepoteza picha zote."

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza kaka. Ilikuwa dhahiri hakuelewa diski ni nini, lakini alisema "tunafanyaje".

"Tunangoja."

"Haya. Tungoje."

Hakukata simu. Shangazi aliiweka mezani, sauti ikiwa juu, na kwa muda mrefu alimsikia kaka yake akitembea, akifungua bomba, akipiga chafya. Mara kwa mara aliuliza, "Bado?" naye akajibu, "Bado." Kulipokuwa kimya kirefu zaidi, kaka akasema kwa adabu, "Samahani, naongea na nani?"

"Stoo."

"Aaa, Stoo! Umepotea sana wewe."

"Nimepotea kweli," alisema Shangazi.

Simu ya kaka ilizimika chaji karibu na saa kumi na moja. Saa mbili kasoro robo usiku diski mpya ilimaliza kujaa, taa yake ikageuka kijani. Shangazi alichomoa ile iliyokufa baada ya kusoma namba yake mara tatu, akaweka nyingine, akalala kwenye kiti na viatu miguuni. Hakuna iliyoanguka tena. Siku ya kumi na mbili diski zote nane zilikuwa mpya. Alituma taarifa kwenye kundi: "Kazi imekamilika. Hakuna kilichopotea. Mnaweza kuingia." Vidole gumba vitatu.

Kwa wiki mbili baada ya hapo alitazama orodha ya walioingia, na hapakuwa na jina hata moja. Kaka hakuihitaji seva tena. Alikuwa na picha zake mezani. Shangazi alielewa kwamba mgeni wake pekee alikuwa amemwondoa kwa mkono wake mwenyewe. Akawa yeye ndiye anayekwenda, Jumatatu na Alhamisi, safari ya saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na mara nyingine alipofika kaka alimfungulia kwa furaha, mara nyingine alimwuliza ni wa kampuni ya maji au ya umeme.

Mwezi ulipokwisha, ilikuwa Ijumaa. Shangazi alifika mapema. Kaka alikuwa ameshika karatasi yake, mstari umepigwa chini, anaisoma kwa mashaka.

"Huu si mwandiko wangu," alisema.

"Ni wako, kaka."

"Sijaandika mimi. Nimwambie mtoto nini? Mimi sina neno." Na akaikunja karatasi ikawa ndogo sana, akaitia mfukoni.

Saa kumi na moja waliingia: binti, mkwe mrefu, wajukuu wawili. Kaka aliwasalimia wote kwa majina yao, bila kosa, akamwuliza mkwe habari za gari. Wajukuu walimtazama Shangazi kwa udadisi; walikuwa wakimsikia tu. Shangazi alingoja mpaka binti alipokwenda jikoni kuosha matunda, akamfuata, akafunga mlango, akamwambia yote akiwa amesimama.

Binti hakupiga kelele. Alizima bomba. Matone yaliendelea kudondoka kutoka kwenye vidole vyake. "Mimi nilijua kuna kitu," alisema. "Nilijua, nikawa sitaki kujua. Shangazi, wewe umejuaje, na hamkuwa mnaongea?"

"Alikuwa anaingia kwenye seva kila Ijumaa kuwasoma."

"Seva ipi?"

Shangazi alimtazama. Hakuwa na ubaya, hakujua tu. "Ile ya picha," alisema. "Ipo kwangu, chumba cha nyuma."

Wiki iliyofuata binti alimpeleka baba yake hospitali. Daktari alisema waliyoyatarajia, akatoa dawa za kupunguza mwendo wa ugonjwa, akasema wasimwache peke yake jikoni. Wakapanga zamu. Shangazi akabaki na Jumatatu na Alhamisi zake, ila sasa alikuwa na funguo.

Jumamosi moja mchana simu yake iliita. Alikuwa anakula, sahani moja, kijiko kimoja.

"Shikamoo, Shangazi," alisema binti wa kaka. "Nataka kuingia huko kwenye picha. Nimetafuta neno langu la siri, sijui niliandika wapi."

"Marahaba, mwanangu. Ninalo hapa. Shika kalamu."

Alilitafuta kwenye daftari, akamsomea herufi moja moja, kubwa na ndogo, namba mwishoni, na mwenzake akazirudia.

"Asante, Shangazi. Nitaingia nikipata nafasi."

"Haya."

Hakuingia siku ile, wala kesho yake, wala Jumatatu. Aliingia Jumatano, saa kumi na mbili jioni, akakaa humo dakika arobaini.